Wangechi Mla Samaki

Habari za Wangechi zilinikuta kwenye kochi la Mumbi hapa mtaa wa Najma, katika mji huu wa Waarabu, miguu nimeifunika leso kwa sababu ya ile mashine ya baridi isiyozimwa. Mumbi, binti yangu, alikuwa hospitalini kwenye unesi wake, na mjukuu wangu Imani alikuwa shuleni. Simu ikalia. Alikuwa Njoki, kifungua mimba wa Wangechi, anapiga kutoka nyumbani Kenya. Akanisalimia kwa heshima, halafu akaniuliza kama nimekaa chini. Nikamwambia, "Mwanangu, huku kazi yangu ni kukaa. Sema tu." Akasema mama yake ametutoka alfajiri, usingizini, na watamzika Jumatano. Nikamuuliza jana yake alikula nini. Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Njoki akasema, akiniita shangazi kwa lugha ya kwetu, "Uji, tata. Uji na ndizi mbivu." Nikashukuru, nikampa pole, tukaagana.

Baada ya hapo nilitafuta mtu wa kumwambia. Majirani wa kushoto ni Wafilipino, wa kulia ni Wanepali, na sisi husalimiana kwa meno tu. Nikavaa viatu, nikashuka hadi mlangoni anapokaa Mwakio, mlinzi wa jengo, kijana wa kwetu, wa Voi. "Shosho, usitoke, jua limekasirika," akaniambia. Nikamwambia sitoki, nimefiwa. Akavua kofia. "Pole sana. Alikuwa nani wako?" Hapo nikakwama. Hakuwa dada, hakuwa binamu, hata wa kijiji chetu hakuwa. Nikasema, "Tulikuwa tunavua samaki pamoja." Mwakio akanitazama, akajaribu kuzuia kicheko, maana anajua mimi ni mama wa Nyeri. "Shosho, wewe? Samaki?" Nikamwacha acheke, nikapanda ngazi polepole. Jioni Mumbi alisema ataomba ruhusa kazini, atafute tiketi, nikamzike rafiki yangu. Nikamuuliza Imani atabaki na nani. Habari ya tiketi ikaishia hapo. Basi nimekaa hapa nikimwandika, kwa sababu katika mji huu mzima hakuna mtu mwingine aliyemjua.

Mwaka niliokutana na Wangechi nilikuwa na miaka kumi na sita au karibu. Shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikiandika kama ninavyoongea. Nilipelekwa kufanya kazi kwenye kambi ya wageni ya Bwana Pereira, Mgoa mmoja, Mhindi wa Kikristo mwenye kikohozi, kando ya kijito cha Kanyoni, pale msitu wa mlima unapokutana na mashamba ya mwisho ya viazi. Kijito chenyewe kilikuwa chembamba, mwanamume mwenye haraka angekiruka, lakini baridi yake ilikuwa inauma hadi kwenye meno. Humo walikuwamo samaki wanaoitwa trauti, waliowekwa na wazungu zamani, wenye madoa meusi mgongoni na mstari wa waridi ubavuni. Mabwana wakubwa wanaopenda kuvua kimyakimya walikwenda kwenye mito mikubwa. Kwetu zilikuja familia. Jumamosi gari la kina Kantilal lilikuwa likifika na watoto wao, Anil na Bina, wakiwa wameshavua viatu tangu barabarani. Walikuja kina Mutiso kutoka Nairobi, karani wa serikali, mkewe Ruth na mtoto wao Mwende. Walikuja kina Macleod wenye mapacha, Fiona na Jean, ambao niliweza kuwatofautisha kwa magoti tu, kwa vile Jean alikuwa na kovu. Punda wa kambi, jina lake Kabuti, alibeba mizigo yao kutoka pale magari yanaposhindwa.

Kazi yetu wasichana wawili, Wangechi na mimi, ilikuwa watoto. Chini ya nyumba ya wageni kijito kilipinda na kutulia, kikafanya kidimbwi chenye changarawe, na hapo ndipo watoto waliruhusiwa kuvua. Tuliwafungia ndoana, tukawawekea chambo, tukawashika ukosi wasitumbukie, na samaki akinasa tulishika wavu. Samaki mdogo tulimrudisha. Wangechi ndiye aliyenifundisha kulowesha mikono kwanza kabla ya kumshika yule wa kurudishwa, maana mkono mkavu unamvua ule utelezi wake, naye akiupoteza hufa baadaye hata kama umemwona akienda vizuri. "Mshike kama unamshika mtoto wa wenyewe," alikuwa akisema. Watoto walimpenda. Mimi waliniogopa kidogo, kwa sababu nilikuwa sisemi.

Nilikuwa sisemi kwa kuwa sikuwa na wa kusema naye kabla yake. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko, cha mbao, na kitanda kimoja chenye godoro la nyasi, dirisha la kuziba kwa gunia. Ukuta mmoja ulikuwa na joto kwa sababu ya jiko upande wa pili, na tulilala migongo ikiegemea huko kwa zamu. Sauti ya maji haikukoma. Miezi ya kwanza nililia kwa ajili ya sauti ile, nikidhani mvua haiishi. Wangechi, ambaye alinizidi miaka mitatu minne, aliniambia, "Nyaguthii, siyo mvua. Ni mto unaenda kwao. Lala." Juzi Mumbi alitupeleka mahali hapa mjini panapoitwa Pearl, tukatembea kando ya ile mifereji iliyochimbwa katikati ya nyumba za matajiri, Imani akila aiskrimu. Maji ni safi, ya rangi nzuri, nami nilisimama muda mrefu hadi Mumbi akaniuliza kama nimechoka. Nilikuwa nasikiliza. Maji yale hayasemi kitu.

Sasa, mtu wa leo hawezi kuelewa mambo ya samaki na watu wetu. Siku hizi hata Nyeri kuna vibanda vya kukaanga samaki. Wakati ule kwetu samaki hakuwa chakula. Wazee walimweka kundi moja na nyoka, na mwanamke aliyemla hakutakiwa karibu na chungu cha mtu. Mimi na Wangechi tuliwashika samaki siku nzima, tukawapasua, tukawatoa matumbo, tukawapeleka jikoni kwa mpishi Omolo, halafu tukakaa kula githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Omolo alikuwa mtu wa ziwa, mrefu, anayevaa aproni ndogo kama kitambaa cha mtoto. Alituonea huruma na kutucheka kwa pamoja. "Nyinyi watu wa mlima ni maajabu," alisema. "Mungu amewamwagia samaki mlangoni, nanyi mmegeuka mnatafuna mahindi." Wangechi akamjibu, "Na Mungu aliwapa nyinyi ng'ombe, mbona mnaomboleza wakifa kama ndugu?" Siku moja Omolo alimkaanga trauti mdogo aliyekufa wavuni, kwa samli na chumvi tu, akamweka mbele ya Wangechi, akageuka kuosha sufuria kana kwamba hamwoni. Wangechi akachukua kipande kwa vidole. Akala. Akala kingine. Nilimtazama nikingoja atapike. Akaniambia, "Ni kama kuku aliyelelewa kwa maji," kisha akala na kichwa.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alitengewa wake. Watoto walijua na wakaugeuza mchezo, kila mmoja akitaka samaki wake ndiye aliwe na Wangechi. Mwende wa kina Mutiso ndiye aliyeushikilia zaidi. Alikuwa na miaka kama sita, mtoto wa kutazama viatu vyake. Jioni moja nikileta kuni karibu na mahali pa moto niliwasikia wazazi wake. Ruth alikuwa akisema, "Mwalimu ameniita tena. Anasema darasani hafungui mdomo." Mutiso akasema, "Leo mtoni nimemsikia anaongea na yule msichana wa kambi. Ameongea sana, Ruth. Nilisimama nyuma ya mti nisimkatize." Nikaweka kuni polepole, nikaenda kumwambia Wangechi. Jumamosi iliyofuata alimngoja Mwende barabarani pamoja na Kabuti.

Wakati huohuo kulikuwa na Gachanja. Aliendesha lori la mbao, akipita juu ya kambi kwenda kwenye mashine ya kupasulia, na kila akipita alipiga honi mara mbili, na Wangechi alijifanya anatafuta kitu chini. Baadaye hakujifanya tena. Gachanja alikuwa mtu mzuri, mwenye pengo la jino na maneno machache, na alitaka kumwoa. Nilijua maana yake. Wangechi angeshuka kwa kina Gachanja kwenye mashamba, nami ningebaki na ukuta wa joto peke yangu, na Omolo, na punda. Sikuwa na mtu mwingine wa kuniita kwa jina langu. Bwana Pereira alituita sote wawili "wasichana". Nilimwombea Wangechi mema, na nikiomba nilikuwa naomba pia achelewe.

Kilichobaki kilikuwa mama yake Gachanja. Jina lake Nyambura, mjane, shupavu wa kanisa, na kwa mila alitaka kumwona msichana mahali anapokaa kabla ya wazee kuanza mazungumzo. Akatuma neno kwamba atakuja Jumamosi. Tulimwambia Gachanja achague siku nyingine, akasema mama hapangiwi. Basi tangu Alhamisi tulisugua. Tulisugua mikono kwa majivu, kwa ndimu, kwa majani ya mkaratusi, hadi ngozi ikachubuka. Godoro tulilianika. Wangechi alinusa nywele zake, akaninusishia mimi, "Sema ukweli." Nikasema, "Unanuka mkaratusi." "Na chini ya mkaratusi?" "Chini ya mkaratusi unanuka Wangechi." Omolo aliambiwa asimtaje samaki kwa jina. "Nimwite nani?" akauliza. "Nimwite mheshimiwa?" Watoto tuliwaacha na wazazi wao siku hiyo, tukisema tuna mgeni. Hapo ndipo tulipokosea. Tulifunga kila mlango tukasahau kwamba watoto hawapiti milangoni.

Nyambura alifika akiwa na Gachanja nyuma yake kama mzigo. Tukamkaribisha kwenye benchi nje ya jiko, tukampa chai ya maziwa na viazi vitamu. Alitazama kila kitu. Alitazama kucha za Wangechi. "Mnafanya kazi gani hapa?" "Tunalea watoto wa wageni, Mama." "Na huko mtoni?" "Tunawalea hukohuko, Mama." Akasema, "Watu wanasema hapa hata nzi wananuka samaki." Wangechi akasema, "Ni wageni ndio wanakula, Mama," jambo ambalo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote. Nyambura akanywa chai yake nusu, akaanza kulegea. Aliuliza habari za shamba la kina Wangechi. Alicheka mara moja. Gachanja akanitazama na pengo lake likaonekana.

Ndipo Mwende akatokea pembeni ya jiko, amelowa hadi kiunoni, amebeba trauti kwa mikono miwili kifuani. Alikuwa amemvua peke yake, bila mtu wa kushika wavu. Akapita mbele ya wageni bila kuwaona, akasimama mbele ya Wangechi, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Huyu ni wako. Ndiye mkubwa kuliko wote. Utamla na kichwa, kama siku zile." Nyuma yake nilimwona Ruth amesimama mbali, mkono mdomoni.

Nyambura aliweka kikombe chini. "Huyu mtoto anasema nini?" Nilisimama kabla sijafikiri, nikasema, "Anakosea, Mama. Mimi ndiye ninayekula. Huyu hajawahi." Lilikuwa jambo la bure, kwa sababu mtoto hakuwa amenitazama hata mara moja, lakini nilitaka kumwokoa, na nilijua vizuri kwamba nikimwokoa ndiyo namtoa kwangu. Mwende akanigeukia, uso ukaanza kukunjika. Alidhani samaki wake amekataliwa. Wangechi aliuona ule uso. Akalowesha mikono kwenye karai la maji ya kuoshea vyombo, akampokea samaki, akasema, "Asante, Mwende. Ni wangu. Nitamla leo, na kichwa." Halafu akamwambia Nyambura, akiwa bado amemshika, "Ninakula, Mama. Nampenda." Nyambura akainuka. Chai ilibaki nusu kikombe, na mtu wa kwetu akiacha chai ya mkwe nusu hahitaji kuongeza neno. Gachanja alimfuata. Kwenye kona aligeuka akatutazama, kisha hakugeuka tena.

Mvua ndefu ikaanza, maji yakawa ya kahawia, familia zikaacha kuja. Lori lilipita juu bila honi. Wangechi hakulia mbele yangu, alipika, alifagia, alimsugua Kabuti hadi punda akachoka naye. Siku moja tukimenya viazi aliniuliza, "Wewe umefurahi, sivyo?" Sikutaka kumdanganya. Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. "Mimi pia, kidogo," akasema. "Siyo kwa mengine yote. Kwa hili la kubaki tu." Ziko siku katika maisha yangu ambazo nimekuwa na watu wengi nyumbani, harusi, ubatizo, Krismasi, lakini sijakaa tena jikoni na mtu vile tulivyokaa mvua ile, mlango umefungwa, Omolo akipiga mluzi, sisi wawili tumejifunika shuka moja.

Kisha Nyambura akarudi. Alikuja peke yake, na gunia kichwani kuzuia mvua, akamkuta Wangechi kwenye kidimbwi akitoa matawi yaliyoletwa na mafuriko. Mimi nilikuwa ng'ambo nikifanya hivyohivyo, nikasikia yote. Hakusalimia. "Nimemuuliza mchungaji," akasema. "Anasema wanafunzi wa Yesu walikula samaki. Anasema Petro alikuwa mvuvi. Nikamwambia Petro hakuwa mkwe wangu." Wangechi akavuta tawi jingine. "Mwanangu ameacha kula," Nyambura akaendelea. "Anakaa mezani kama mtu aliyepigwa. Sasa sikiliza. Utakuja na sufuria yako. Utaipikia nyuma ya ghala, si kwenye mafiga yangu. Na ukimaliza utaosha mikono kabla ya kunipa maji." Wangechi akasema, "Nitaosha, Mama." Nyambura akatazama maji yale machafu muda mrefu. "Huyo samaki wa siku ile," akauliza, "ulimla?" "Nilimla." "Na kichwa?" "Na kichwa, Mama." Nyambura akatikisa kichwa, akashika njia.

Wangechi akaolewa baada ya viazi kuvunwa. Omolo alimpa sufuria, nyeusi kwa nje, ndani inang'aa. Mwende alipokuja tena na wazazi wake alimuulizia, nikamwambia ameolewa, akaniuliza kama anaweza kuniambia mimi mambo. Nikasema anaweza. Tukakaa kwenye changarawe, akaanza, na mimi nikajifunza kujibu. Lakini usiku ukuta wa joto ulikuwa wangu wote, na sikujua la kufanya na nafasi ile kitandani. Nililala pembeni kama kawaida.

Kabla mwaka haujaisha nilipata ruhusa, nikateremka kumtembelea, na trauti wawili nimewafunga kwenye majani mabichi. Nilimkuta mjamzito, ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Alinikumbatia, kisha akaona majani yale, akageuza uso. "Nisamehe, Nyaguthii. Harufu. Tangu mimba hii siiwezi." Nikawaweka mbali, chini ya kivuli, mbwa wao akawachukua. Sufuria niliiona, imetundikwa nyuma ya ghala, ina mbegu za maboga ndani. Tulikula irio, viazi vilivyopondwa na mahindi, pamoja na Nyambura, ambaye alinijazia sahani mara mbili akaniuliza kama Mgoa ananilipa vizuri. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Habari za mvua, habari za ng'ombe wao Wamaitho. Nilimtazama Wangechi akicheka na mama mkwe wake juu ya jambo ambalo sikulijua mwanzo, na nikamshukuru Mungu, na nikataka kwenda.

Akasema atanisindikiza hadi barabarani. Kufika barabarani akasema hadi kwenye daraja la magogo. Kwenye daraja akasema hadi kwenye shamba la mwisho. Nilimwambia arudi, jua linashuka, ana mzigo tumboni, Nyambura atamtafuta. "Mwache anitafute kidogo," akasema. Tukapanda, yeye akipumzika kila baada ya hatua chache, mkono mgongoni. Kwenye shamba la mwisho la viazi mlima ulikuwa umefunguka, na kutoka chini ya miti tukaanza kuusikia mto, mbali, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Wangechi akasimama hapo hapo, mguu mmoja mbele.

"Mimi narudia hapa," akasema.

Nikamwambia amefika karibu sana, ashuke anywe maji, amsalimie Omolo.

"Hapana. Nikiusikia vizuri sitarudi."

Akanishika mikono yote miwili, akaiachilia, akageuka. Nilimtazama akiteremka kati ya matuta ya viazi, taratibu, hadi kitambaa chake cha kichwani kikawa kidogo kama ua. Kisha nikaingia msituni. Kesho yake ilikuwa Jumamosi.